Lenzi ipi ya picha za sura kwa mfuko wa kawaida?

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu vifaa vya upigaji picha. Barua tatu tulizochagua safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na zote zinahusu lenzi za kupigia picha za sura. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa hali ya wapiga picha wengi wenye studio za mtaani.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, habari za kazi. Nina studio ndogo hapa Igoma, Mwanza, chumba kimoja cha mita tatu kwa nne, na kamera ya Canon EOS 1300D niliyoinunua ikiwa na lenzi yake ya 18-55. Kazi zangu ni picha za pasipoti, picha za familia wakati wa sikukuu, mahafali, na mwisho wa wiki sendofu na harusi za ukumbini. Baadhi ya wateja hutaka niwapeleke ziwani. Malalamiko ninayoyapata ni mawili: picha za ukumbini zina chenga, na nyuma ya mtu kila kitu kinaonekana, hata viti vya plastiki vilivyopangwa juu ya vingine. Nimetenga shilingi laki nne. Fundi wangu anasema ninunue 50mm, mwenzangu mwenye studio ya mjini anasema lenzi ya sura ni 85mm, na muuzaji ananisihi nichukue 18-200 kwa maelezo kwamba inafanya kila kitu. Nimsikilize nani? — Mpiga picha, Igoma.

JIBU: Ndugu yangu wa Igoma, msikilize fundi. Nunua Canon EF 50mm f/1.8 STM, na hiyo 18-55 uliyo nayo usiiuze. Washauri wako wengine wawili sidhani kama wanakudanganya kwa makusudi, ila mmoja anazungumzia kamera isiyo yako na mwingine anazungumzia duka lake.

Tuanze na kauli ya kwamba 85mm ndiyo lenzi ya sura, maana imeenea sana na ina ukweli ndani yake. Imetokana na enzi za filamu, ambapo fremu moja ilikuwa na milimita 36 kwa 24, na kwa kamera za kidijitali zenye kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) cha ukubwa huo bado inafaa. Kihisi cha 1300D yako ni kidogo zaidi, milimita 22.3 kwa 14.9, na kwa hiyo lenzi yoyote ukiifunga hapo huonyesha eneo dogo zaidi, kana kwamba urefu wake, yaani zile milimita za jina lake, umezidishwa mara 1.6. Lenzi ya 50mm kwako hufanya kazi ya 80mm, yaani ile ile anayoisifu mwenzako, na 85mm hugeuka kuwa 136mm. Huenda kamera ya mwenzako ina kihisi kikubwa, na ushauri wake unamfaa yeye.

Sasa chukua futi upime chumba chako. Ukiacha nafasi kati ya mteja na kitambaa cha nyuma, na nafasi ya wewe mwenyewe kusimama mgongo ukiwa ukutani, kati ya kamera na uso wa mteja hubaki kama mita mbili na robo tatu hivi. Kwa umbali huo, ukiisimamisha kamera wima, 50mm itakupa picha ya mtu kuanzia kichwani hadi mapajani, jambo linalotosha kwa pasipoti, kwa picha ya kifua na kwa mtu aliyeketi. Lenzi ya 85mm itakupa kichwa na kifua tu. Mteja akitaka picha ya mwili mzima ili gauni la mahafali lionekane hadi viatu, 50mm inahitaji kama mita nne na nusu, na 85mm inahitaji zaidi ya mita saba na nusu, ambazo huko Igoma zitakufikisha barazani kwa jirani. Kwa picha hiyo ya mwili mzima ndani ya chumba ndipo 18-55 inaporudi kazini, ukiiweka kwenye milimita 28 au 30, na hii ni sababu mojawapo ya kukuambia usiiuze.

Usijaribu kufidia ufinyu wa chumba kwa kumsogelea mteja ukiwa na 18mm. Kinachobadilisha umbo la uso ni umbali uliosimama, wala si namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Mtu akiwa karibu sana na kamera, pua yake iko karibu nayo kwa kiasi kikubwa kuliko masikio, na hutokea pua kubwa na masikio yaliyojificha, kisha mteja anasema kamera yako haimpendi. Ukisimama mita moja na nusu au mbili, uso hukaa kama watu wanavyouona kila siku. Lenzi ya 50mm kwenye kamera yako inakulazimisha usimame hapo hapo, kwa kuwa kwa mita moja na theluthi hivi inakujazia kichwa na mabega.

Suala la chenga ndilo hasa linalokula biashara yako. Chenga, yaani zile punje punje kwenye picha, hutokea kwa sababu ukumbi una mwanga hafifu na kamera imelazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuitikia mwanga, ili ipate picha. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta hadi 55, tundu lake la mwanga, ambalo wapiga picha tumezoea kuliita apecha, haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm hufunguka hadi f/1.8. Namba hizo ni za kugawanya: 55 kwa 5.6 ni tundu la milimita 10 hivi, na 50 kwa 1.8 ni tundu la karibu milimita 28. Kwa eneo lile lile la picha, mwanga unaoingia kwenye f/1.8 ni karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Maana yake kwako ni kwamba picha ya bibi harusi akikata keki, ambayo leo unaipiga kwa ISO 6400, ambayo ndiyo mwisho wa kawaida wa kamera hiyo, utaipiga kwa ISO 640 au 800 kwa kasi ile ile ya shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia. Hakuna programu ya kompyuta ya kuondoa chenga itakayokupa tofauti ya namna hiyo bila kuufanya uso wa mtu uonekane kama umepakwa nta.

Angalizo moja ni kwamba lenzi hii haina mfumo wa kutuliza mtikisiko, wakati 18-55 nyingi za Canon zinao. Ukumbini usishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Hilo lisikusikitishe, kwa kuwa mfumo huo hutuliza mikono yako tu. Shangazi anayecheza mbele ya meza kuu haumtulizi.

Kuhusu viti vya plastiki, lenzi itasaidia, na wewe pia inabidi usaidie. Ukungu wa nyuma ya mtu hukua kadiri tundu lilivyo pana kwa milimita zile tulizozigawanya, na kadiri kitu cha nyuma kilivyo mbali na mtu. Tundu la milimita 28 dhidi ya 10 ni tofauti ambayo mteja ataiona bila kuelezwa. Lakini ukimwegemeza mtu ukutani, ukuta utaonekana hata kwa lenzi ya mamilioni. Mvute mteja hatua tatu au nne mbele ya hivyo viti kabla hujagusa kitufe.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa kuwa haliwaletei fedha. Kama katika kabati lako au la rafiki yako kuna lenzi ya 55-250 ya f/4-5.6, ile ndefu ambayo watu huinunua kwa ajili ya wanyama na mpira, gawanya 250 kwa 5.6 utapata tundu la karibu milimita 45, linalokaribia lile la 85mm f/1.8, ambalo ni milimita 47. Kwa picha ya uso mchana, ufukweni, nyuma kukiwa na maji na mawe ya mbali, lenzi hiyo huyeyusha mandhari vizuri sana, mradi uwe na nafasi ya kurudi nyuma. Ukumbini haifai kitu. Hiyo 18-200 ya muuzaji ina tabia hiyo hiyo: nje itakufaa kiasi ukiivuta hadi mwisho, ndani itakurudisha kwenye f/5.6 na chenga zako zile zile. Inafanya kila kitu isipokuwa kile ulichokuja kulalamikia.

Utakapoanza kutumia f/1.8, jiandae kwa tatizo jipya. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mteja, kina cha sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimita sita tu. Jicho la karibu likiwa kali, sikio limekwisha kufifia, na mteja akipumua na kujisogeza mbele kidogo, kali inakuwa nyusi au ncha ya pua. Kamera yako ina pointi tisa za kufokasi, na ya katikati ndiyo yenye uhakika zaidi kwa kuwa inasoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Ichague hiyo, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, bonyeza nusu, panga picha kwa haraka, kisha piga. Kwa kazi za kawaida za studio funga tundu hadi f/2.8, ambapo kina kinakaribia sentimita kumi. Bwana na bibi harusi wakiwa pamoja, rudi hadi mita mbili na nusu uweke f/4, na utapata kina cha kama sentimita 38, kinachotosha watu wawili ambao mabega yao hayako kwenye mstari mmoja. Kamati nzima ya harusi ikipanda jukwaani, badilisha lenzi. Hiyo ni kazi ya 18-55 na flashi.

Ziwani ni kinyume cha ukumbini, mwanga unazidi. Saa sita mchana pale Capri Point, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma ya mteja wako, kwa ISO 100 na f/1.8 picha ingehitaji kasi ya takriban 1/8000, na 1300D huishia 1/4000. Picha itaungua hata ufanyeje. Funga tundu hadi f/2.8 au zaidi, au mweke mteja kivulini. Mwanza iko karibu sana na ikweta, jua la mchana hukaa utosini na kuyatia macho kivuli kama mtu hajalala wiki nzima, kwa hiyo mimi ningemwambia mteja aje baada ya saa kumi na moja jioni, na asichelewe, kwa maana jua la huku likianza kushuka halisubiri mtu apake poda tena. Kumbuka pia kwamba maji yanayong'aa na shela nyeupe huidanganya kamera, ikapunguza mwanga na kuufanya uso wa mtu mweusi upotee. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi kwenye kipimo cha kamera na uangalie uso, usiangalie ziwa.

Kwenye kununua, zingatia herufi. Ile unayoitaka imeandikwa EF na ina nukta nyekundu ya kuifungia, na kamera yako ina alama hiyo nyekundu kando ya ile ya mraba mweupe. Canon ilitoa 50mm f/1.8 nyingine mwaka 2020 yenye herufi RF kwa ajili ya kamera zake mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Inafanana kwa jina na kwa udogo, na kwenye 1300D haifungi kabisa, wala hakuna kiunganishi cha kuifanya ifunge. Lenzi ya STM ilitoka mwaka 2015 na Marekani ilianza kuuzwa dola 125, bei ambayo ikifika Mwanza inakuwa imebeba usafiri, kodi na faida ya kila aliyeishika, lakini kwa fungu lako inawezekana. Lenzi ya 85mm f/1.8 huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo.

Utakutana pia na toleo la zamani, 50mm f/1.8 II la mwaka 1990, likiwa limetumika. Vioo vyake si vibaya, ila shingo yake ya kufungia ni ya plastiki, mota yake inapiga kelele, na tundu lake lina visu vitano badala ya saba, kwa hiyo taa za ukumbi zilizofifia nyuma ya mtu hugeuka pembetano. Jipya husogelea kitu hadi sentimita 35, wakati la zamani huishia 45. Sentimita hizo kumi utazithamini siku ya sendofu: kwa umbali huo wa karibu, upana wa picha ni kama sentimita kumi na nusu, yaani kiganja cha bibi harusi kinaijaza fremu na kila uzi wa hina unaonekana, pamoja na pete. Kwa tofauti ndogo ya bei, chukua jipya. Kwa nusu bei na kioo safi, la zamani halitakutia hasara.

Mwisho kuhusu hiyo STM, kichwa chake hutokeza nje kinapofokasi, na mota yake ni nyepesi. Ukiitupa begani huku kichwa kikiwa nje na kikagonga mlango wa daladala, mota inaweza kufa. Inunulie kofia yake ya kuzuia jua, ES-68. Hufungwa kwenye ganda la nje na kukikinga kichwa hicho.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti ninayeanza kazi ya picha Nansio, Ukerewe, na natumia Canon 6D niliyoachiwa na kaka yangu. Nimepata 85mm f/1.8 iliyotumika kwa bei nzuri mno. Nikiangalia ndani naona vinyuzi vyeupe pembeni ya kioo. Mwenye nayo anasema ni vumbi. Niinunue? — Binti wa Nansio.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Vumbi halina matawi. Vumbi ndani ya lenzi ni vitone vilivyotawanyika, kila lenzi ya zamani inavyo, na picha haidhuriki. Vinyuzi vinavyoanzia ukingoni na kugawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na huku kwetu kuvu ni jambo la kawaida, kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu na wengi wetu huhifadhi lenzi kwenye mikoba ya ngozi iliyofungwa, ndani ya kabati lisilopitisha hewa.

Fanya hivi kabla ya kutoa fedha. Omba lenzi ivuliwe kutoka kwenye kamera, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma na utazame kupitia mbele kwa mshazari, ukiigeuza polepole. Kuvu likiwa kidogo, ukingoni, picha zako nyingi zitatoka sawa, ila ukipiga kuelekea mwanga, kama machweo ziwani, picha itakuwa na weupe kama imefunikwa na moshi. Likikaa muda mrefu hula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata likisafishwa alama hubaki. Kusafisha vioo vya ndani ni kuifungua lenzi yote na kuirudisha kwa vipimo vyake, kazi ambayo si ya kila fundi. Mimi nisingeinunua, isipokuwa mwenye nayo akubali kupunguza bei kwa kiasi kamili cha gharama ya fundi utakayeambiwa kabla, na awe fundi umjuaye.

Uchaguzi wenyewe wa 85mm kwa kamera yako ni sahihi kabisa, tofauti na ndugu yetu wa Igoma. 6D ina kihisi kikubwa, na kwayo 85mm hupata mwili mzima kwa chini ya mita tano. Endelea kutafuta iliyo safi. Ukiipata, iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kipima unyevu kidogo kama utakipata. Asilimia 40 hadi 50 ndiyo hali nzuri. Vifuko hivyo hushiba, kwa hiyo vibadilishe. Na lenzi uitoe uitumie. Inayokaa gizani miezi ndiyo inayoota kuvu.

SWALI: Nina Nikon D3200, nimeazimwa 50mm f/1.8D na mwenzangu wa hapa Musoma. Kwake inafokasi vizuri, kwangu haingurumi wala haisogei, nalazimika kuzungusha kwa mkono. Imeharibika? — Msomaji, Musoma.

JIBU: Ni nzima. Lenzi za Nikon za aina hiyo ya D hazina mota ndani. Huzungushwa na mota iliyo kwenye kamera kwa kijiti kidogo kama bisibisi, na kamera za familia za D3000 na D5000, pamoja na hiyo yako, hazikuwekewa mota hiyo. Ya mwenzako bila shaka inayo. Ukitaka yako mwenyewe tafuta iliyoandikwa AF-S, ambayo ina mota yake: 50mm f/1.8G ya mwaka 2011, ambayo kwako itakuwa kama 75mm na inafaa sura, au DX 35mm f/1.8G kama chumba chako ni kidogo na unapiga zaidi watu wawili watatu kwa pamoja. Kwa sasa, unapozungusha kwa mkono, tazama kitone cha kijani kilicho chini kushoto ndani ya kitundu cha kuchungulia. Kikitulia bila kupepesa, fokasi imekaa.